Houston 1970: Maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu mashindano ya tenisi ya wanawake tisa

Kila ubishi wa zawadi za tenisi unapoanza, haupiti muda mrefu kabla mtu hajataja Houston. Wengi wameiona picha ya akina dada walioshika noti za dola moja moja na kucheka mbele ya kamera, lakini kisa chenyewe husimuliwa nusunusu, na mara nyingi huchanganywa na mambo mengine yaliyotokea katika mji huohuo miaka mitatu baadaye. Haya ndiyo maswali yanayojirudia zaidi, na majibu yake.

Ni mashindano gani hasa tunayoyazungumzia?

Ni Virginia Slims Invitational, yaliyochezwa katika klabu ya Houston Racquet Club, jimbo la Texas, tarehe 23 hadi 26 Septemba 1970. Ukiyapima kwa ukubwa, hayakuwa kitu. Siku nne, wachezaji wachache kuliko timu moja ya mpira, na fungu la zawadi la dola 7,500 la kugawana wote.

Uzito wake ulikuwa mahali pengine. Yalikuwa mashindano ya wanawake peke yao, wakicheza kwa malipo ya wazi, bila baraka za USLTA, chama kilichosimamia tenisi nchini Marekani. Kufanya jambo moja kati ya hayo kulikuwa tayari ni utundu. Kuyafanya yote kwa mpigo kulikuwa uasi.

Kwani kabla ya hapo wanawake hawakuwahi kulipwa?

Waliwahi, ila si kwa mpangilio wowote. Mwaka 1926 Suzanne Lenglen wa Ufaransa, aliyekuwa akijulikana kuliko mwanamichezo yeyote wa kike wa zama zake, aliahidiwa dola 50,000 kufanya ziara ya Amerika Kaskazini. Alizunguka akipambana na Mary K. Browne, mji hadi mji, na kumfunga kila siku. Miaka ya 1950 na 1951 ilikuwa zamu ya Pauline Betz na Gussie Moran. Kisha akaja Althea Gibson, bingwa wa Wimbledon na wa Marekani mara mbili mfululizo, 1957 na 1958, mwanamke mweusi wa kwanza kufika huko. Mataji hayo hayakumpa hata senti ya zawadi, na alipoingia kwenye tenisi ya kulipwa alijikuta akicheza na Karol Fageros kuwachangamsha watazamaji waliokuja kuangalia mpira wa kikapu wa Harlem Globetrotters.

Hizo zote zilikuwa ziara za maonyesho: watu wawili, promota mmoja, na ziara ikiisha, ajira imeisha. Hata mwaka 1968, Billie Jean King, Rosie Casals, Ann Jones na Françoise Dürr waliposaini na kundi la kulipwa la George MacCall, walikuwa wanne tu pembeni ya wanaume. Kilichokosekana ni ratiba. Mchezaji wa kike hakuwa na mahali pa kwenda Jumatatu inayofuata ambapo angejua kuna mashindano, kuna wapinzani, na kuna fedha zilizotangazwa mapema.

Si tenisi ilifunguliwa kwa wachezaji wa kulipwa mwaka 1968? Tatizo lilibaki wapi?

Ilifunguliwa kweli. Hadi wakati huo mashindano makubwa yalikuwa ya wachezaji wa ridhaa tu, ingawa kila mtu alijua kwamba nyota walikuwa wakipenyezewa bahasha kwa mlango wa nyuma. Aprili 1968, huko Bournemouth, Uingereza, yalichezwa mashindano ya kwanza yaliyowaruhusu wa ridhaa na wa kulipwa kukutana. Virginia Wade aliyashinda upande wa wanawake na hakuchukua pauni 300 za zawadi, kwa kuwa alikuwa bado wa ridhaa.

Watu walitarajia kwamba fedha zikiwekwa mezani kila mmoja atapata fungu lake. Tazama kilichotokea. Wimbledon 1968, Rod Laver alipata pauni 2,000 na Billie Jean King pauni 750. Hapo mwanamume alipata mara mbili na nusu na zaidi kidogo. Miaka miwili baadaye mjini Roma, kwenye mashindano ya Italia ya 1970, Ilie Năstase aliondoka na dola 3,500, King na dola 600: karibu mara sita. Septemba mwaka huohuo ikatangazwa zawadi ya Los Angeles, dola 12,500 kwa bingwa wa kiume na dola 1,500 kwa wa kike. Zaidi ya mara nane.

Hesabu hii ndiyo inayosahaulika. Wanawake hawakuwa wakinung'unikia pengo la zamani ambalo lingejiziba lenyewe kwa subira. Kadiri fedha zilivyoingia kwenye mchezo ndivyo pengo lilivyopanuka, na baadhi ya waandaaji walikuwa wameanza kuondoa kabisa mechi za wanawake. Ungesubiri miaka mitano zaidi, labda kusingekuwa na kitu cha kudai.

Los Angeles kulitokea nini?

Mashindano yenyewe yaliitwa Pacific Southwest, na mwandaaji wake alikuwa Jack Kramer, bingwa wa Wimbledon wa 1947 aliyekuja kuwa promota mkubwa wa tenisi ya kulipwa ya wanaume. Mbali na tofauti ile ya zawadi, mwanamke aliyetolewa kabla ya robo fainali hakuwa anapata chochote. Ungesafiri, ungelala hotelini, ungecheza, ungerudi kwenu na mkono mtupu.

Wakati wa US Open, mashindano makubwa ya Marekani, huko Forest Hills, New York, King, Casals na Nancy Richey walimwendea Gladys Heldman wakamwomba azungumze na Kramer. Alizungumza naye. Kramer hakuongeza kitu. Hoja yake ilikuwa ya mfanyabiashara: watazamaji hununua tiketi kuwaona wanaume.

Siwezi kumgeuza Kramer shetani, maana alisema hadharani kile ambacho waandaaji wengi walikifanya kimyakimya. Lakini hoja yake ilijizunguka yenyewe. Mechi za wanawake ziliwekwa kwenye viwanja vya pembeni na saa mbaya, halafu uchache wa watazamaji ukatolewa kama ushahidi kwamba hazina soko. Namna pekee ya kujua kama watu wangelipa kuwatazama wanawake ilikuwa kuwauzia tiketi za wanawake. Hilo halikuwahi kujaribiwa kwa dhati, na wazo la kususia Los Angeles na kwenda kucheza kwingine lilianzia hapo.

Gladys Heldman ni nani, na mbona hatajwi sana?

Kwa maoni yangu huyu ndiye mtu muhimu kuliko wote katika kisa hiki, na hatajwi kwa sababu hakuwa akicheza. Alianzisha jarida la World Tennis mwaka 1953 na kulifanya lisomwe na kila mtu mwenye raketi. Alijifunza tenisi akiwa tayari ni mama wa watoto, akaifuatilia mpaka akacheza Wimbledon mwaka 1954. Mwaka 1962, mashindano ya Forest Hills yalipokuwa yamepauka kwa kukosa wachezaji wa kigeni, ni yeye aliyehangaikia ndege ya kukodi kuwaleta.

Kwa hiyo wachezaji walipomfuata, hawakumwendea mtu wa huruma. Walimwendea mtu mwenye jarida, mwenye kitabu kilichojaa namba za simu za wakubwa, na aliyekuwa karibu kuhamia Houston. Huko alijua klabu na watu wa tenisi waliokuwa tayari kuchangisha dola 5,000. Kisha akampigia simu rafiki yake Joseph Cullman, mwenyekiti wa kampuni ya sigara ya Philip Morris. Cullman alikuwa mpenzi wa tenisi, na ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa US Open mwaka 1969 na 1970. Akatoa dola 2,500 zaidi, na mashindano yakapewa jina la sigara yake mpya ya wanawake, Virginia Slims.

Muda wote huo haukufika mwezi mmoja. Anayedhani kuandaa mashindano kunahitaji kamati tatu na vikao kumi aangalie hapo.

Kwa nini walisaini mkataba wa dola moja? Ndiyo malipo yao hayo?

Hapana. Ile dola haikuwa mshahara, ilikuwa ujanja wa kisheria.

USLTA ilikataa kutoa kibali kwa mashindano ya Houston, na chama kilikuwa na silaha mbili. Cha kwanza, kuwafungia wachezaji. Cha pili, ambacho kiliuma zaidi hapo Houston, kuiadhibu klabu yenyewe kwa kupokea mashindano yasiyo na kibali. Klabu ikiogopa na kufunga geti, hakuna mashindano.

Sasa, zama hizo kulikuwa na makundi ya wachezaji: wa ridhaa, waliosajiliwa chini ya vyama vyao lakini wakiruhusiwa kuchukua zawadi, na wenye mikataba na mapromota binafsi. Hawa wa mwisho walikuwa nje ya mkono wa chama. Heldman akasema basi, sainini na mimi. Mkataba wa wiki moja na jarida la World Tennis, thamani yake dola moja ya Marekani. Mchana wa tarehe 23 Septemba wakasaini, na kuanzia hapo hawakuwa tena wachezaji wa chama waliokaidi amri. Walikuwa watu wa kulipwa wa Gladys Heldman, na klabu ikawa na cha kujitetea.

Hao tisa ni akina nani?

Saba walikuwa Wamarekani: Billie Jean King, Rosie Casals, Nancy Richey, Julie Heldman, Jane Bartkowicz ambaye kila mtu alimwita Peaches, Valerie Ziegenfuss na Kristy Pigeon. Wawili walikuwa Waaustralia: Judy Tegart Dalton na Kerry Melville, ambaye baadaye alijulikana kama Kerry Reid.

Tisa hao hawakuwa na hali moja. King alikuwa na miaka 26, na majira ya joto hayohayo alipasuliwa goti baada ya kushindwa na Margaret Court kwenye fainali ya Wimbledon iliyokwisha 14-12, 11-9. Alikuwa na jina, na jina humlinda mtu. Richey alikuwa bingwa wa 1968 wa Roland Garros, mashindano makubwa ya Ufaransa, mwaka wa kwanza wa zama za wazi, taji ambalo halikumpa zawadi kwa kuwa alikuwa wa ridhaa. Dalton alikuwa na miaka 32, amecheza fainali ya Wimbledon 1968, na alijua kwamba miaka iliyobaki ya kucheza inahesabika.

Ninaowaza zaidi ni wadogo. Pigeon alikuwa na miaka 20, Bartkowicz na Ziegenfuss 21. Hawa hawakuwa na mataji makubwa ya kuwakingia kifua. Chama kingewafungia kabisa, hakuna ambaye angeandamana. Walisaini hivyohivyo.

Mbona kwenye ile picha maarufu nahesabu tisa, lakini wengine wanasema kuna mchezaji hayupo?

Wote mko sahihi. Kwenye picha kuna wanawake tisa, ila mmoja wao ni Gladys Heldman. Wachezaji ni wanane. Anayekosekana ni Julie Heldman, binti yake Gladys, ambaye alikuwa na jeraha la kiwiko. Julie alisaini ili kusimama na wenzake huku akijua hayuko katika hali ya kushindana, na hivyo akabeba adhabu ileile bila matumaini ya kupata zawadi.

Margaret Court na Chris Evert walikuwa wapi?

Court alikuwa bora duniani mwaka huo bila mjadala. Siku chache kabla ya Houston alikamilisha mataji yote manne makubwa (Australia, Ufaransa, Wimbledon na Marekani) ndani ya mwaka mmoja, kwa kumfunga Casals 6-2, 2-6, 6-1 kwenye fainali ya Forest Hills. Hakujiunga na kundi la Houston.

Evert alikuwa msichana wa shule wa miaka 15. Na kwa namna historia inavyopenda kuchekesha, mwezi huohuo wa Septemba, mjini Charlotte, alimfunga Court 7-6, 7-6. Kwa miaka miwili iliyofuata aliendelea kuwa wa ridhaa. Mwaka 1972 alishinda mashindano ya kufungia msimu ya Virginia Slims huko Boca Raton, Florida, na hakuweza kuichukua zawadi ya dola 25,000. Alijiunga na wa kulipwa siku alipotimiza miaka 18, Desemba 1972. Ukitaka kuona jinsi mfumo wa ridhaa ulivyokuwa wa ajabu, huo ndio mfano wa kutoa.

Nani alishinda Houston?

Rosie Casals. Alitangulia kupoteza seti ya kwanza mbele ya Judy Dalton, akairudisha, akamaliza kwa 5-7, 6-1, 7-5 na kupokea dola 1,600.

Ilikuwa sawa kabisa kwamba ashinde yeye. Alikulia San Francisco katika familia iliyotoka El Salvador, mfupi wa kimo, akicheza mbele kwenye wavu kwa mipira ya kushtukiza, wakati tenisi ya klabu za Marekani ilikuwa ni ya watoto wa matajiri waliovaa nyeupe na kunong'ona. Hakuwa mtu wa kunong'ona. Kwa wawili wawili yeye na King walitwaa Wimbledon mara tano. Kwa mmoja mmoja alifika fainali kubwa mara mbili tu na kupoteza zote, ndiyo maana jina lake halivumi kama la wenzake.

Na angalia ile 1,600. Ni dola 100 juu ya zawadi ambayo bingwa wa kike aliwekewa Los Angeles. Kwa wiki hiyo moja, basi, faida ya kuasi ilikuwa noti chache tu. Anayesema walifuata fedha hajafanya hesabu.

Kwa thamani ya leo ni kiasi gani?

Kwa kufuata kupanda kwa bei nchini Marekani, dola ya 1970 ni sawa na dola nane hivi za sasa. Fungu zima la Houston lingekuwa karibu dola 60,000, na zawadi ya Casals zaidi kidogo ya dola 12,000.

Walifungiwa kweli au vilikuwa vitisho?

Wamarekani walifungiwa na USLTA. Maana yake ilikuwa kuwekwa nje ya mashindano ya chama na ya timu za taifa, na kwa mchezaji kijana hiyo ni kama kufutwa. Waaustralia nao walitishiwa na chama cha kwao, tena wao walikuwa mbali na nyumbani.

Lakini adhabu ya aina hiyo hufanya kazi pale tu mtu anapokosa pa kwenda. Mara mzunguko mwingine ulipoanza, ubabe ukageuka mazungumzo. Mwaka 1971 walikuwa wamerudi kwenye mashindano makubwa, na fainali ya wanawake ya US Open mwaka huo ilikuwa King dhidi ya Casals. Wawili kati ya wale waasi, kwenye uwanja mkuu wa chama kilichowafungia. King alishinda 6-4, 7-6. Mvutano haukuishia hapo, maana kwa muda USLTA iliendesha mzunguko wake wa kushindana, ukiwa na Evert na Evonne Goolagong, mpaka pande mbili zilipoungana.

Kwa hiyo tenisi ya wanawake ilijengwa kwa fedha za sigara?

Ndiyo. Hakuna namna ya kulipamba hilo.

Mwaka 1970 Marekani ilipitisha sheria ya kupiga marufuku matangazo ya sigara kwenye televisheni na redio, marufuku iliyoanza kutumika mwanzoni mwa Januari 1971. Kampuni za tumbaku zikabaki na fedha nyingi za matangazo na mahali pachache pa kuzipeleka. Sigara ya Virginia Slims, iliyoingia sokoni mwaka 1968, ilikuwa ikiuzwa kwa tangazo lililompongeza mwanamke kwa jinsi alivyotoka mbali. Mzunguko wa wanawake wanaojitegemea ulikuwa kama umechongwa kwa ajili ya tangazo hilo.

Cullman huenda aliipenda tenisi kwa moyo wote. Haibadilishi kitu: biashara yake ilihitaji wanawake zaidi wavute sigara, na wanariadha wenye afya walikuwa bango zuri. Wachezaji walilijua hilo, na waliulizwa mara nyingi. Jibu la kweli ni kwamba hakuna mdhamini mwingine aliyekuwa amepanga foleni. Virginia Slims ilibaki hadi 1978, kampuni ya vipodozi ya Avon ikachukua nafasi 1979 hadi 1982, kisha sigara ikarudi na kukaa mpaka miaka ya 1990. Mtu anaweza kuheshimu ujasiri wa wale tisa na bado akakereka na jina lililoandikwa kwenye bango. Mimi nakereka.

Baada ya Houston kulifuata nini?

Kazi, na kazi nyingi. Januari 1971 mzunguko wa Virginia Slims ulianza San Francisco. Msimu huo ulikuwa na mashindano 19 na zawadi za jumla ya dola 309,100, mara arobaini na zaidi ya fungu la Houston. Wachezaji walitoa mahojiano redioni asubuhi, wakagawa tiketi, wakaenda kwenye hafla za wadhamini usiku, na katikati wakacheza. Ted Tinling, mshonaji Mwingereza, aliwashonea magauni ya rangi ili watazamaji waone kitu tofauti na nyeupe ya siku zote.

Mwisho wa 1971 King alikuwa amevuka dola 100,000, mwanamichezo wa kwanza wa kike kufikia kiasi hicho kwa mwaka mmoja. Kuna wanaosema alikuwa na bahati kuzaliwa wakati ule. Ratiba ile ya kukimbia kutoka mji hadi mji na goti lililopasuliwa haifanani na bahati.

Je, Houston ndiyo ile mechi ya King na mwanamume?

Hapana, na kosa hili ni la kawaida kwa sababu mji ni uleule. King alicheza na Bobby Riggs, bingwa wa zamani wa kiume, tarehe 20 Septemba 1973 ndani ya uwanja wa Astrodome, mbele ya watazamaji 30,472, kwa kitita cha dola 100,000 cha mshindi peke yake. Alishinda 6-4, 6-3, 6-3. Riggs alikuwa na miaka 55, na Mei mwaka huo alikuwa amemdhalilisha Margaret Court 6-2, 6-1.

Kuna kipande kimoja kinachounganisha matukio haya mawili. Kituo cha televisheni kilimtaka Jack Kramer awe mmoja wa watangazaji. King akasema Kramer akiwapo, yeye hachezi. Kramer hakuwapo. Aliyeketi kwenye kipaza sauti usiku ule ni Rosie Casals.

Na WTA ilitokana na Houston?

Si moja kwa moja. Chama hicho cha wachezaji wa kike kilianzishwa Juni 1973 katika Hoteli ya Gloucester, London, siku chache kabla ya Wimbledon. King aliwakusanya wachezaji chumbani, na Betty Stöve wa Uholanzi, mrefu na mwenye nguvu, akawekwa mlangoni ili asitoke mtu kabla ya kuafikiana. Lakini bila mzunguko uliotangulia, kusingekuwa na wachezaji wa kutosha kujaza kile chumba. Vyama vya zamani vilikuwa na nguvu kwa sababu vilishika kalenda: vilipanga nani anacheza wapi na lini. Houston iliwapa wanawake wiki moja ya kalenda, 1971 ikawapa msimu mzima, na mwenye msimu wake huketi mezani kama mwenzi.

Zawadi zilisawazishwa lini?

US Open ilikuwa ya kwanza. Mwaka 1972 King alishinda na kupewa dola 10,000 huku Năstase akipata 25,000. Akasema wazi kwamba hali isipobadilika wanawake wanaweza wasirudi. Mwaka 1973 mdhamini alijazia pengo, na John Newcombe na Margaret Court wakapata dola 25,000 kila mmoja. Ndiyo, Court yuleyule ambaye hakuwa Houston. Wimbledon ilichukua hadi 2007, baada ya Venus Williams kulivalia njuga suala hilo, na ni yeye aliyeshinda mwaka huo: pauni 700,000, sawa na Roger Federer.

Lakini wanaume hucheza seti tano. Je, si haki walipwe zaidi?

Hoja hii hupenda kuficha kwamba nje ya mashindano manne makubwa wanaume nao hucheza seti mbili za ushindi. Na hakuna mahali katika burudani ambapo malipo hupimwa kwa saa. Ingekuwa hivyo, mchezaji anayemmaliza mpinzani kwa dakika 50 angekatwa fedha kwa ubora wake.

Kisa hiki kinamhusu vipi mchezaji wa Afrika Mashariki?

Kwa njia ya ngazi. Mwaka 2022 Angella Okutoyi wa Kenya alishinda taji la wasichana la wawili wawili la Wimbledon akiwa na Rose Marie Nijkamp wa Uholanzi, Mkenya wa kwanza kutwaa taji kubwa la vijana. Ngazi iliyo mbele ya mchezaji kama huyo, kutoka mashindano madogo ya Nairobi hadi yale ya WTA, ipo kwa sababu kuna mzunguko wa wanawake wenye pointi, ratiba na zawadi zilizotangazwa. Kenya hucheza pia kwenye Kombe la Billie Jean King, mashindano ya timu za taifa yaliyobeba jina hilo tangu 2020.

Ila usije ukadhani kwamba chini kumenona. Mashindano ya ngazi ya chini kabisa ya kimataifa yana fungu la dola 15,000, na bingwa huondoka na dola elfu mbili na ushei, kabla ya nauli, hoteli na kocha. Rejea kwenye ile dola 60,000 ya Houston kwa bei za leo. Fungu la waasi wa 1970 lilikuwa nono mara nne kuliko lile ambalo msichana wa Nairobi hupigania sasa.

Wale tisa waliwahi kuenziwa pamoja?

Mwaka 2021 Jumba la Heshima la Tenisi lililoko Newport, Rhode Island, liliwaingiza wote tisa kama kundi, mara ya kwanza kwa jumba hilo kufanya hivyo. King, Casals na Richey walikuwa tayari wamo kwa majina yao wenyewe. Gladys Heldman aliingizwa mwaka 1979 na akafariki mwaka 2003.